Mume Aliyekwisha Kuzikwa

Gordon alipozama ziwani mwaka 1983 na maiti yake isipatikane, ukoo wake ulifuata desturi. Walichukua yago, lile tunda refu la mvungunya, wakalivika shati lake, wakalizika badala yake kijijini kwao, Pap Onditi. Seline, mkewe, alililia tunda lile mpaka sauti ikamkauka. Kisha akarudi mjini, kwenye chumba chao cha Kaloleni, akawa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kondele na kumlea binti yao Benta.

Miaka tisa baadaye, mchana kweupe, Gordon akabisha hodi, na kovu lake la kidevuni. Alisema wavuvi walimwokoa, wakamfikisha upande wa Uganda, na vita vikamzuia huko. Seline angeamini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameota mvi na kupungukiwa na meno, na huyu alikuwa vilevile alivyoondoka.

Akamtilia chai, akamhoji. Walioana mwezi gani? Akajibu. Mahari ilikuwa ng'ombe wa rangi zipi? Akawataja mmoja mmoja bila kukosea. Hapo ndipo Seline alipoingiwa na baridi. Gordon wake alikuwa msahaulifu, hata siku aliyozaliwa Benta ilikuwa ikimpotea.

Habari zikamfikia mama mkwe, Awuor. Akaja mbio, akamkumbatia mwanawe, hakuuliza neno.

"Ulitaka akurudie mzee?" akamwambia Seline. "Mungu amekupa kijana, wewe unanuna. Wenzako wangechinja kuku."

Seline alimwomba yule mtu waende wakalifukue yago, maana aliye hai hastahili kuwa na kaburi.

Yule mtu akakoroga chai yake taratibu. "Liache, Mama Benta. Kifo kilikwisha kunichukua pale. Hakina haja nami tena."

Seline akainuka, akafungua mlango. "Nenda kwa mama yako. Siku utakayozeeka, uje."

Akaenda, akamlimia Awuor shamba lake mpaka akamzika. Kila Krismasi Seline husafiri Pap Onditi, akaketi kanisani nyuma ya yule mtu, akichunguza kisogo kile chenye nywele nyeusi. Wageni humwuliza kama huyo ni mwanawe. Majirani hudhani anamwogopa, na kweli anamwogopa. Lakini wengine wanapofumba macho kusali, yeye huyaacha wazi, akamwomba Mungu unywele mmoja tu mweupe, apate kumwambia twende nyumbani.