Mafuta ya Kondoo Kwenye Gari la Bwana Kihara

Kisilu wa Mulei hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Hata kanisani, bakuli la sadaka likimfikia, watu walidai macho yake yalikuwa yakimwuliza mzee wa kanisa kama hakuna namna ya kupunguza kidogo. Alitoka kwao Ngoliba na spana moja aliyoipata kwa kubadilishana na jogoo, na jogoo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kufikia mwaka wa hamsini na nane alikuwa na kibanda chake cha mabati nyuma ya duka la mbao la Mhindi, karibu na stesheni ya Thika, na lilikuwa nadra lori la mkonge au la kahawa katika pande zile ambalo hakuwahi kulala chini yake.

Mtu wa namna hiyo hata akipenda, hupenda kibiashara. Gathoni, Kisilu alimpenda kwa sababu ya maharagwe.

Msichana huyo alikuwa akichuma kahawa kwenye shamba la Bwana Kihara kule Ruiru, na siku akipewa kibali cha kutembea, maana siku zile za Emajensi Mkikuyu hakutoka bila karatasi, alikuja soko la Thika na gunia dogo la maharagwe. Kisilu akauliza bei, akacheka, akaondoka polepole akingoja kuitwa, kama desturi. Hakuitwa. Akatembea mpaka kwa wauza vyungu, akasimama, akajikuna, akarudi. Bei ilikuwa imepanda.

“Mbona imepanda na mimi ni yuleyule?”

“Ulipokuwa umesimama hapa unacheka, fundi, umenizibia mteja aliyekuwa nyuma yako. Hiyo ni yake nimeweka juu yako.”

Kisilu akalipa. Usiku ule aliyala maharagwe yale akiwaza, na kabla hajamaliza sahani alikuwa amekata shauri.

Tatizo lilikuwa baba yake Gathoni. Gerishon alikuwa mzee mrefu, mkimya, Mkristo wa tangu ujana, na kazi yake pale shambani ilikuwa kitu kimoja tu: kutunza gari la mbio la Bwana Kihara. Lilikuwa MG ndogo nyekundu isiyo na paa, yenye taa mbili zilizotokeza mbele kama macho ya chura. Bwana Kihara, Mzungu ambaye wafanyakazi walimpa jina hilo kwa ajili ya upara wake, alilipenda gari lile kuliko mbwa wake. Gerishon alilipenda kuliko Bwana Kihara.

Kwa watu wa kanisa wa wakati ule, pombe ya posa ilikuwa imegeuka kuwa sukari na majani ya chai. Baba wa msichana akiipika chai ile akanywa, amekubali kusikiliza. Akiirudisha, mambo yamekwisha. Kisilu alipeleka mfuko wa sukari uliojaa, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kuandikwa. Gerishon hata hakuufungua.

“Mkamba,” akamwambia, “kwenu Ngoliba mbuzi wanalamba mawe kwa kukosa majani. Huyu mtoto wangu atalamba nini?”

“Atakula ninachokula, Mzee.”

“Ndiyo hiyo naogopa. Nasikia hata chumvi unaomba upunguziwe.”

Mfuko ukarudi Thika umefungwa vilevile. Kisilu hakuweza kuutazama, wala hakuweza kuacha mali ikae bure, kwa hiyo akamwuzia Aoko, mama mwenye kibanda cha chai pale stesheni. Tena kwa faida.

Haukupita muda mrefu, Bwana Kihara akamwita Kisilu shambani. MG ilikuwa imeanza kutetemeka mbele. Ikishika mwendo kidogo tu usukani ulipigapiga mikononi kama kuku aliyeshikwa miguu, na kila shimo dogo liligonga kama mtu anayebisha mlango. Bwana alikuwa ameshanunua vipuri Nairobi: bushi za mpira za kukalia vyuma, kingpini za kugeuzia magurudumu yote mawili ya mbele, na vikombe vyake vya shaba. Alichotaka ni mikono, na jibu. “Hii yote nabadilisha mwaka jana,” alisema kwa Kiswahili chake cha masetla. “Mimi nataka jua, kwa nini nakufa upesi. Jioni mimi narudi, wewe nasema.” Akapanda Land Rover yake akaenda kwenye mashine ya kahawa.

Gerishon alikuwa amesimama kando ya banda, mikono nyuma. Hakusalimia zaidi ya inavyolazimu.

Jambo la kwanza Kisilu aliloliona lilikuwa mbwa. Mbwa wawili wa Bwana walikuwa wamelala kifudifudi mbele ya gari, vichwa chini ya bampa, wakilamba. Akawafukuza, wakarudi. Akawafukuza tena. Kisilu alikuwa ameona mbwa wakikojolea magari maisha yake yote, lakini mbwa wa kulamba gari hakuwa amemwona.

Akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo ya mkaratusi, akatoa magurudumu. Kuna namna ya kuishusha springi ya mbele ya gari kama lile, na asiyeijua huzikwa nayo, kwa sababu springi iliyobanwa haina dini. Kisilu aliweka jeki chini ya sahani ya springi, akatoa bolti mbili fupi zinazotazamana, akaingiza mahali pake bolti mbili ndefu alizochonga mwenyewe, ndipo akatoa zile fupi mbili zilizobaki na jeki. Kisha akawa analegeza nati za zile ndefu, huku kidogo, kule kidogo, mpaka springi ikatoka imechoka, haina tena nguvu ya kumdhuru mtu. Gerishon alisogea bila kujua kwamba anasogea.

Kingpini zilikuwa zimelika mpaka zinachezacheza ndani ya vikombe vyake kama jino la mzee. Bushi za mpira hazikuwa mpira tena. Zilikuwa zimevimba, zimelegea kama andazi lililotumbukizwa katika chai, na Kisilu alipoiminya moja kwa vidole, ikatoa mafuta. Akainusa. Akainusa tena, polepole, kama mtu anayekumbuka sikukuu.

“Mzee,” akasema akiwa bado chini ya gari, “hapa pamechinjwa kondoo?”

Mbwa mmoja akapiga miayo.

“Lilikuwa linalia,” Gerishon akasema mwishowe. “Kila likipita kwa mashimo linalia kama mtoto. Mtoto akilia ngozi ikiwa kavu unampaka nini? Hata mimi nilipakwa mafuta ya kondoo. Hata ngozi ya kulalia inapakwa, na inakaa miaka. Nikanunua kondoo dume mwenye mkia mnene, kwa mshahara wangu, nikayeyusha. Kila Jumamosi nalipaka lote chini. Na hapa kwa chuchu za kuingizia grisi pia, sababu ile grisi nyeusi ni uchafu, inachafua gari la mtu.”

“Na likanyamaza?”

“Likanyamaza kabisa.”

Kisilu akatambaa akatoka, akaketi juu ya gurudumu. Mpira ukipewa mafuta ya mnyama hunyamaza kweli. Hunyamaza kama mtu aliyekunywa sumu. Na kingpini bila grisi ya kweli hujitafuna yenyewe. Alijua, na kwa kuutazama uso wa mzee alijua kwamba Gerishon naye amekwisha kujua. Bwana Kihara alikuwa akimfukuza mtu kwa kuvunja kikombe. Na Gerishon akifukuzwa, kibali chake cha kukaa Ruiru kinakufa siku hiyohiyo. Yeye na mtoto wake watapakiwa lori kurudishwa rizavu ya Wakikuyu, mahali ambapo hawana hata jiko lililobaki limesimama.

“Jioni utasema,” Gerishon akasema.

“Ameniambia niseme.”

Mzee akatazama gari, si Kisilu. “Basi taja bei. Wewe ni mtu wa bei.” Kisha akaendelea, na sauti yake ilikuwa kavu. “Ile sukari. Ilete kesho. Nitaipika.”

Ndicho kitu ambacho Kisilu alikuwa amekitaka kuliko kitu kingine chochote duniani, na kilikuwa kimewekwa mezani bila yeye kufungua kinywa. Aliichukua ile bushi iliyooza akaigeuza vidoleni.

“Hapana, Mzee.”

“Sasa ni kidogo? Unataka na mbuzi?”

“Nimenunua vitu vingi kwa watu walioshikwa na shida. Unajua vinafanya nini? Vinarudi. Aliyeuza akipata nafuu kidogo tu, anaanza kukutazama kama mwizi, kila siku, mlangoni. Mkwe wa kunitazama hivyo sitaki. Hiyo si bei nzuri.”

“Hata mimi nimesikia hiyo biashara,” sauti ikasema nyuma yao.

Gathoni alikuwa amemletea baba yake uji, na kibuyu kilikuwa bado mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

“Baba, mimi ni spea? Kitu kikioza mahali, ndiyo natolewa kwa boksi nifungwe hapo?”

“Nyamaza, haya ni maneno ya wazee.”

“Mzee ni wewe. Huyu ni wa maharagwe.” Akammiminia baba yake uji, kisha akamtazama Kisilu kwa muda, kama mtu anayepima uzito kwa mzani wa jicho. Akammiminia naye, kwenye kifuniko. “Kunywa, fundi. Hii siuzi.”

Alasiri nzima Kisilu alifunga vipuri vipya. Alisukuma bushi mpya ndani kwa jiliwa la kubania vyuma bila tone la kitu chochote isipokuwa maji ya sabuni, na kila alipofanya hivyo alimwonyesha Gerishon bila kumtazama, akizungumza kama anayejisemea. Mpira, maji ya sabuni tu. Chuma kwa shaba, grisi, tena nyeusi, tena ya kutosha mpaka ifurike. Halafu, wakati anasubiri jua lishuke, akafanya jambo ambalo halikuwa sehemu ya kazi. Akachukua tambara, akalala chali, akalifuta tumbo la gari kutoka mbele hadi nyuma, akitazama. Alikaa huko muda mrefu kidogo.

Bwana Kihara alirudi, akalipeleka gari mpaka barabara kuu na kurudi. Aliporudi alikuwa ameachilia usukani kabisa, mikono juu hewani, na gari linakuja limenyooka kama mtu aliyetubu. Akashuka anatabasamu. Kisha tabasamu likakumbuka.

“Sasa. Kwa nini?”

Gerishon alikuwa amesimama kando ya banda, mikono nyuma, kofia imeshikwa kwa vidole viwili. Gathoni hakuwa ameondoka.

Kisilu alijua kuuza embe lenye doa. Humfichi mteja doa, kwa maana atalipata nyumbani. Unampa lile embe mkononi ukiwa umelishika upande mzuri juu, na doa unalitaja wewe mwenyewe, mapema, kama kitu kidogo.

“Bwana, ni mafuta. Gerishon anapaka gari mafuta ya kondoo,” akasema kwa Kiswahili kilekile cha Bwana, “kila Jumamosi. Mpira hapendi mafuta. Nakufa.”

Uso wa Bwana ukaanza kuwa mwekundu kuanzia shingoni. Kisilu hakumpa nafasi.

“Lakini kwanza Bwana lala chini. Angalia tumbo ya gari.”

“Mimi nalala chini?”

“Kidogo tu.”

Bwana Kihara akalala chini kwenye vumbi, upara wake ukagusa majani ya kahawa. Fremu nzima ilikuwa inang'aa, nyeusi, safi. Hakukuwa na kutu hata kwenye pembe.

“Miaka ngapi na mvua ya Ruiru?” Kisilu akauliza akiwa amechuchumaa kando yake. “Mimi naangalia gari mingi, Bwana. Gari kama hii, sasa chini iko kutu kama biskuti. Wewe naweka kidole, napita. Hii hapana. Nani nafanya hivi? Mpira naweza nunua Nairobi. Fremu hapana nunua. Mtu nanunua kondoo kwa mshahara yake, anapaka gari yako, unapata wapi mwingine? Yeye kosa mahali moja tu. Mimi nakuja kila mwezi na bomba ya grisi, namwonyesha, hiyo mahali moja napona.”

Kutoka chini ya gari Bwana akauliza, “Kondoo?”

“Dume, Bwana. Mkia mnene.”

Kitu kilisikika huko chini ambacho huenda kilikuwa kikohozi na huenda kilikuwa kicheko. Bwana akatambaa akatoka, akajikung'uta, akamtazama Gerishon. “Chuma, sawa,” akasema. “Mpira, hapana. Wewe nasikia?”

“Ndiyo, Bwana.”

“Na mbwa, sasa mimi najua.” Akaingia nyumbani.

Kisilu akafunga spana zake kwenye baiskeli. Alikuwa amepata kazi ya kila mwezi ambayo asubuhi haikuwepo, na hilo peke yake lingemtosha siku nyingine yoyote. Gerishon hakumwambia asante. Alimsaidia kuinua sanduku, basi. Gathoni naye alikuwa ameshaenda na kibuyu chake.

Kahawa ilikuwa imeanza kuchanua siku Gerishon alipotokea Thika, kibali mfukoni, akasimama mbele ya kibanda cha mabati akitazama kila kitu: jeki, bolti ndefu, kitanda kilichotandikwa vizuri nyuma, sufuria safi.

“Kisilu,” akasema. Hakusema Mkamba. “Gari halilii.”

“Vizuri, Mzee.”

“Na hakuna mtu amenishika shingo leo. Nimekuja na miguu yangu. Ile sukari bado unayo?”

“Niliiuza.”

“Uliuza sukari ya posa?”

“Ilikuwa imekaa tu, Mzee.”

Gerishon akatazama juu, kama mtu anayemwomba Mungu amwonyeshe mahali alipokosea katika kulea. “Kwa faida?”

“Kidogo.”

“Gathoni aliniambia utakuwa umeiuza,” mzee akasema, akaketi juu ya boksi. “Akasema nikungoje tu hapa, utarudi nayo.”

Kisilu akavuka reli mpaka kwa Aoko, aliyekuwa akipuliza moto. Akaomba sukari, mfuko mzima. Aoko akauchungulia mfuko, akamchungulia yeye, akatazama ng'ambo ambapo mzee Mkikuyu alikuwa ameketi juu ya boksi na kofia magotini. Mwanamke mwenye akili kama yake hakuhitaji kuambiwa. Akataja bei ya mtu aliyeshikwa na shida.

Kisilu akalipa.

Aoko akazishika zile shilingi kwa muda mkononi bila kuzitia kibindoni. “Fundi,” akauliza kwa upole, “wewe ni mgonjwa?”

Lakini Kisilu alikuwa ameshavuka reli, mfuko kifuani, akitembea haraka kama mtu anayeogopa kwamba bei itashuka.