Habari Aliyomsomea Mjomba

Binti huyu alikuwa na ugonjwa ambao dawa yake haijapatikana: hasikii habari bila kuitafutia kitabu. Bei ya sukari ikipanda, yeye ana riwaya. Waziri akijiuzulu, yeye ana tamthilia, na atakusimulia hata kama umebeba ndoo ya maji na mkono unakufa ganzi. Wenzake wa chuo cha ualimu walimwita Gazeti, na jina lile lilimvimbisha kichwa, wala hakujisumbua kulificha hilo.

Pale chuoni palikuwa na desturi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya masomo, mwanachuo mmoja alipanda jukwaani katika ukumbi mkubwa akatoa tafakari. Alichagua habari moja ya wiki ile, akaiweka kando ya kitabu anachokipenda, akasema anaonaje. Wengi waliikwepa zamu hiyo kwa kuumwa tumbo ghafla. Gazeti aliisubiri kwa hamu, na zamu ya mtu ikikosa mwenyewe, mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza hewani.

Ugonjwa wenyewe aliupatia nyumbani. Alilelewa na mjomba wake, fundi wa zege, mtu ambaye shule aliiona kwa mbali lakini habari alizipenda kuliko chakula. Kila jioni baada ya kula, mjomba alivuta kiti chake akakaa uso kwa uso na mpwa wake, akasema, "Haya, mama, dunia inasemaje?" Binti akasoma gazeti kwa sauti, kisha kurasa chache za riwaya. Mkaza mjomba aliyekuwa akishona vifungo pembeni hakukosa la kusema: "Punguzeni kelele, jirani naye ana gazeti lake!" Kweli sauti ya binti ilikuwa imepanda miaka hiyo. Mjomba ndiye aliyemhimiza, "Paza, mama, tia moyo!" Naye akapaza, akiamini anazidi kuwa hodari. Jinsi mjomba alivyomkazia macho mdomoni, binti alijua hakuna msikilizaji kama yule duniani.

Kazini mjomba aliitwa Daktari. Zege la dari likishamwagwa, hushikiliwa kwa chini na mbao na milingoti mpaka likomae, na kuondoa milingoti mapema ni kuomba msiba. Wengine walihesabu siku. Mjomba alichukua nyundo ndogo, akapanda ngazi, akagonga dari kwa chini huku ameegesha sikio. Zege bichi lina mlio mzito, uliokufa. Lililokomaa hujibu kwa mlio mkavu. Akisema "Bado," hata mhandisi alingoja. Akisema "Fungueni," vibarua walifungua. Hakuwahi kukosea, na watu walishasahau kwamba yeye ni mtu kama watu wengine.

Kisha ikaja wiki ya mvua, na mvua huchelewesha zege. Mjomba alipanda ngazi katika jengo la zahanati mpya, akagonga, akasikiliza, akasema, "Fungueni." Milingoti ilipoondolewa, dari lote likaja chini. Vibarua wawili walifukuliwa. Mmoja alivunjika nyonga, na mwingine alilazwa bila fahamu.

Redio ilisema saruji iliibwa, likachanganywa zege jepesi. Mtunza stoo wa jengo lile akakamatwa. Mji mzima ukakubali, kwa sababu mtunza stoo ni mtu rahisi kumdhania wizi: funguo anazo yeye. Gazeti naye akakubali kabla hajamaliza kunywa chai. Aliandika tafakari yake kwa hasira tamu, akaiweka habari ile kando ya riwaya aliyoipenda, ya mfanyabiashara aliyechanganya unga na chokaa hadi watoto wa mtaa mzima wakaugua. Mwalimu wa fasihi aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii itawachoma," alisema. "Ijumaa ni yako."

Alhamisi jioni, nyumbani, mjomba akavuta kiti kama kawaida. Alikuwa amekonda ghafla, na watu walisema ni huzuni ya vijana wake. Umeme ulikuwa hafifu, kwa hiyo binti aliinamia ukurasa ili aone herufi. Alisoma kwamba mke wa mtunza stoo alizimia mlangoni mwa kituo cha polisi.

"Afadhali," mjomba alisema.

Binti akainua uso. "Afadhali nini, mjomba?"

"Hiyo hiyo uliyosoma. Afadhali."

Mkaza mjomba akaikazania sindano yake kwa bidii ambayo kifungo hakikuihitaji. Hapo binti akakumbuka mambo mengi kwa mkupuo: mjomba kucheka daima baada ya mkewe kucheka, mjomba kutoitikia hodi, na kile kiti kilichosogea karibu mwaka hadi mwaka. Alitamani ajifanye hajafikiri kitu. Lakini mtu aliyezoea kufungua vitabu hawezi kuuacha ukurasa nusu. Akaliinua gazeti mpaka likamfunika mdomo, akasoma kwa sauti ya kawaida maneno ambayo hayakuandikwa popote.

"Polisi wanamtafuta pia fundi mkuu aliyeamuru milingoti iondolewe kabla ya wakati."

Mjomba alitikisa kichwa kwa utulivu. "Ehe. Endelea, mama."

Mfuniko wa kopo la vifungo ulianguka sakafuni, ukazunguka, ukalala. Mjomba hakugeuka kuutazama. Aliona tu uso wa mkewe, kisha uso wa mpwa wake.

"Umesoma nini?" aliuliza.

"Hakuna, mjomba. Mambo ya mpira."

Mjomba aliwatazama wote wawili kwa zamu, muda mrefu kuliko mambo ya mpira yanavyostahili. Kisha akainuka, akaenda chumbani, na riwaya siku hiyo haikusomwa.

Mkaza mjomba alimvuta binti jikoni, akafunga mlango, halafu akashusha sauti bila sababu yoyote. "Mimi ni mke wake. Unadhani sijui?"

"Unajua, na mtunza stoo yuko ndani?"

"Nilijua hasikii vizuri. Hayo ya dari nimeyajua juzi, alipokaa kitandani ananigongea ukuta kwa nyundo, ananiuliza, 'Unasikiaje hapo? Na hapo?' Nikajua mwenyewe ameshajua." Alimshika mpwa wa mumewe mabega. "Sikiliza, mwanangu. Ukisema kesho, huyu mtu hana kazi, hana jina, na huenda akafungwa. Mtunza stoo watamwachia tu, hawana ushahidi. Zungumzia kitabu kingine. Si unavyo vingi?"

"Na wasipomwachia?"

"Basi Mungu anajua," alisema mkaza mjomba, akaanza kuosha masufuria yaliyokwisha oshwa.

Vitabu kweli alikuwa navyo vingi, na kimoja hakikumwacha. Ilikuwa riwaya ya mke wa hakimu aliyejua mumewe amekosea hukumu, akanyamaza ili nyumba isivunjike. Binti alikuwa amekisoma mara nyingi, na kila mara alimtukana yule mwanamke, mnafiki mkubwa, akaruka kurasa za jikoni kwake kwa sababu zilimchosha. Safari hii aliketi ukingoni mwa kitanda akazisoma zile kurasa tu. Palikuwa na mwanamke anachambua mchele huku anasikiliza nyayo za mumewe. Basi. Mwandishi hakumtetea wala hakumlaani, alimwacha na mchele wake, na binti akamchukia mwandishi kwa hilo. Ni rahisi kuwa mkali kwa watu wa kwenye vitabu. Hawakulei wala hawakuiti mama.

Asubuhi kiti cha mjomba kilikuwa kitupu, na viatu vyake havikuwepo.

"Katoka alfajiri," alisema mkaza mjomba. Macho yalikuwa yamemvimba. "Hakuaga. Kavaa koti lake la harusini."

Koti la harusini, alfajiri, bila kuaga. Amekimbia, binti alijiambia, na neno hilo lilimuuma kuliko yote ya jana. Kama mjomba amekimbia, mtunza stoo ataozea ndani, na hakuna mwingine wa kusema. Alikwenda chuoni, akanawa uso bombani nyuma ya maktaba, akaingia ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Mwalimu wa fasihi alikaa mstari wa mbele akitabasamu, kwa sababu yeye alijua kinachokuja, au alidhani anajua. Gazeti alipanda jukwaani, akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

"Niliandika kwamba mtunza stoo ni mwizi," alianza. "Niliandika vizuri, mwalimu alinisifu. Naifuta. Sijui kama yule mtu ameiba hata msumari. Dari lile lilifunguliwa likiwa bichi."

Minong'ono ikaanza. Mwalimu akasimama nusu. "Taratibu, binti. Hilo si jambo la kukisia. Umelijuaje?"

Angeweza bado kusema amesikia mtaani, na watu wangecheka, na kengele ingelia. Aliutazama umati ule, akaona simu mbili tatu tayari zimeinuliwa.

"Nilimsomea mjomba wangu gazeti," alisema, "na hakusikia."

Akayasema yote. Nyundo, sikio, milingoti, mfuniko wa kopo. Aliyasema vibaya, kwa kurudiarudia, mtu ambaye miaka yote alisifiwa kwa kusema vizuri. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu wa fasihi alimshika mkono akamshusha, akasema wataenda kituoni wote wawili, sasa hivi, yeye atamsindikiza.

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Ndani palikuwa na kaunta ya mbao, askari mmoja mwenye simu sikioni, na benchi refu lililojaa watu wenye shida zao. Mwishoni mwa benchi, amevaa koti la harusini, kofia magotini, alikaa mjomba.

Mwalimu alijitambulisha, na askari akakata simu. "Huyu mzee yuko hapa tangu alfajiri," alimwambia mwalimu. "Alisema ana maneno ya kumwambia mkubwa kuhusu kesi ya mtunza stoo, nikamwambia akae, mkubwa hajafika. Sikujua ndiye mwenyewe. Sasa chuoni kwenu wamepiga simu zaidi ya watu wanne, wanasema fundi ametajwa na mpwa wake." Akachukua kalamu. "Tutaandika kwamba ametajwa."

"Lakini alikuja mwenyewe," binti alisema.

"Alikuja akakaa. Hajasema kitu."

Askari hakuwa mtu mbaya, na kwa kitabu chake alisema kweli. Binti alikwenda hadi mwisho wa benchi akachuchumaa mbele ya mjomba. Mjomba alimwona, uso ukamlainika, akadhani amefuatwa kwa kuhurumiwa.

"Umekuja, mama? Usilie. Nimekuja kuyamaliza. Namngoja mkubwa wao."

"Nimeshasema, mjomba," binti alinong'ona.

"Unasemaje?"

"Nimeshasema. Chuoni."

Mjomba aliinamisha kichwa upande, kama alivyofanya miaka yote juu ya ngazi, uso wake karibu kabisa na wa binti. Lakini binti alikuwa analia na midomo inamcheza, na midomo inayocheza haisomeki. "Paza kidogo," mjomba alisema kwa upole.

Ikabidi apaze. Alipaza kwa ile sauti ya jioni zote, sauti iliyomfikia jirani, na benchi zima likageuka, na askari akaacha kuandika.

"Nimewaambia wote, mjomba! Ukumbi mzima! Nilidhani umekimbia!"

Hapo mjomba alisikia. Alibaki akimtazama mdomoni kwa muda, labda kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Akaichukua kofia magotini, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Ungeningoja, mama," alisema.