Mama Nyuma ya Pazia

Mionzi ilizuia uvimbe wa masikio yangu usikue, ila usikivu nao ukaondoka. Sikulia sana. Mimi ni fundi cherehani wa Gitega, na kanyagio la cherehani hukueleza mengi kupitia unyayo. Walionikera ni wateja: walinisengenya mbele yangu huku wakinichekea, wasijue kwamba nimeshajifunza kusoma midomo.

Daktari aliyenipandikizia kifaa cha kusikia alinionya. Mshipa wa fahamu wa sikio ulishapigwa mionzi, kwa hiyo huenda nikapata milio mitupu, nisitambue maneno. Aliniandikia kwenye karatasi: usitarajie makubwa. Nikamjibu kwamba kutarajia ni kazi yangu, yake ni kushona. Akacheka.

Siku kilipowashwa, kila sauti ilikuwa kama sahani za bati zikigongana. Nikaambiwa nifanye mazoezi kwa kusikiliza maneno ninayoyajua vizuri. Ninayoyajua kuliko yote ni sura za msahafu alizonihifadhisha mama nikiwa mdogo. Basi kila alasiri mama alikuja dukani, akaketi mbele yangu, akasoma. Baada ya wiki tatu nilimfuata bila kukosea, naye akaanza kuwatangazia majirani kwamba nimepona.

Nilijua tunajidanganya. Mama alifungua kinywa kama anayelisha mtoto, na macho yangu hayakubanduka midomoni mwake. Nikamwomba aingie nyuma ya pazia la kujaribia nguo, asomee huko.

“Yewe! Nikae huku kama gauni?” Alinuna, lakini akaingia.

Hapo ndipo hofu niliyomficha daktari iliponishika. Nikaegemea meza ya kukatia, nikafumba macho. Sauti ikaja, nyembamba. Aya ya kwanza nikaishika. Ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Ya saba sikuisikia. Ikaja ya nane.

“Mama, umeruka aya.”

“Oya, sijaruka! Hii sura nimesoma miaka yote, iko kwa kichwa. Sikio yako ndio imeruka.”

Nusura nimwamini. “Umeruka, Mama. Rudi ya sita.”

Akasoma ya sita kwa hasira, akaingia ya saba, akasita katikati.

“Nimeruka,” akasema. “Mwanangu, nimeruka kweli.”

Mama alikuwa hajawahi kukiri kosa mbele yangu. Siku hiyo alikiri, na nilimsikia nikiwa bado nimefumba macho.