Jina la Butoyi Nililoliruka

Nakumbuka siku moja niliyoimba vizuri kuliko siku zote za ujana wangu, na ndiyo siku niliyomkosea mtu vibaya kuliko zote. Kaa hapo nikueleze, mwanangu, na hiyo simu ilaze kifudifudi. Haitakufa.

Nilikuwa nimeolewa Kasulu, mwaka wa pili tu, bado sijapata mtoto. Chuo cha ualimu kilikuwa na timu ya mpira ambayo sisi wakulima tuliiita yetu, ingawa wengi wetu hatukujua hata mlango wa darasa lake. Vijana walitoka kila upande, Kakonko, Kasanda, mpaka kule karibu na Burundi. Jumamosi tukitoka shambani tunapitiliza uwanjani na majembe begani, tunakaa kwenye nyasi, tunaimba. Hakuna aliyelipa na hakuna aliyelipwa. Tuliwapelekea mihogo ya kuchemsha na karanga, nao wakishinda wanakuja kutupa mkono mmoja mmoja, jasho likiwatiririka.

Wimbo wetu tuliutoa kwenye ujima, ule ambao majirani zetu Warundi wanauita ikibiri. Mnapolima mstari mmoja, mwimbishaji humtaja kila mtu kwa jina la mama yake na kwao, ili mtu aone haya kubaki nyuma. Uwanjani nasi tukafanya vivyo hivyo. Kijana akifunga goli, mimi mwimbishaji naita jina la mama yake na kijiji chake, na wenzangu wote wanaitikia: "Kazaa!" Ni hivyo tu. "Eliza wa Kasanda!" "Kazaa!" Mwanangu, kina mama walisafiri kuja kusikia hilo. Mpira hawakuujua, kona wala kuotea haikuwahusu. Walitaka jina lao liitwe na watu wasiowajua.

Kiangazi kimoja akajitokeza mnunuzi wa maharage, tajiri wa mjini, tuliyempa jina la Mizani. Usiniulize kwa nini, waliomuuzia maharage wanajua. Mizani akatoa kombe, akatoa jezi, akatoa na ng'ombe wa mshindi. Akauzungushia uwanja uzio wa matete, mlangoni akaweka mtu wa kupokea kiingilio. Ndiyo mara ya kwanza tukaona mpira wa chuo unauzwa kama chumvi.

Akaniita. "Dada, wewe na wenzako mtaingia bure. Na kila mmoja nitampa kitenge. Kazi ni moja: goli likiingia, liitwe jina langu."

Kitenge kipya, mwanangu! Nilikuwa na kimoja, nacho kimepauka mpaka maua yake hayajulikani kama ni maua au madoa. Nikakubali kabla hajameza mate. Mwenzangu Skola peke yake ndiye aliyeuliza, "Na majina ya kina mama?"

Nikamjibu, "Tutayataja wiki ijayo. Kwani yataoza?"

Ulimi hauna mfupa.

Siku ya fainali chuo kilicheza na timu ya Kibondo. Tukaingia tumevaa sare ya vile vitenge, watu wanatutazama sisi kuliko wachezaji. Kijana mmoja mrefu, Bosco, akafunga goli la kwanza. Nikaita kwa koo lote, "Mizani!" Wenzangu, "Kazaa!"

Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka. "Mizani kazaa? Tangu lini? Mimba aliibebea wapi?"

Uwanja ukacheka. Nami nikacheka, maana nilidhani anayechekwa ni Mizani. Bosco akafunga la pili, nikaita tena, tena kwa madaha. Tukashinda mbili kwa moja. Mizani alifurahi, akanirushia mkono kwa mbali kama mtu anayefukuza nzi.

Tulipotoka, nikamwona Bosco amepiga magoti nje ya uzio, mbele ya mama mmoja aliyekaa chini, kikapu mapajani, miguu myekundu kwa vumbi. Alitoka Nyabibuye. Siku mbili njiani, lori la mahindi hadi Kibondo, lori jingine hadi Kasulu. Kiingilio hakuwa nacho, na hakutaka kumsumbua mwanawe kabla ya mchezo, basi alikaa nyuma ya matete ametega sikio.

Bosco hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Alisema, "Dada, huyu ndiye mama yangu, Butoyi. Nilimtumia salamu kwamba nikifunga atasikia jina lake."

Mama yule akanisalimu vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umeimba vizuri, binti yangu. Huyo Mizani mama yake amefurahi sana leo."

Mpaka leo, na meno yangu haya yaliyobaki ya kuhesabika, sijui kama alikuwa ananisema au aliamini kweli kwamba Mizani ni mchezaji.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu anamenya mihogo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa na ncha. Habari ilikwisha kumfikia. Akakitazama kitenge, akasema ni kizuri, akaendelea kumenya. Halafu akauliza, "Mvua ikinyesha, huyo Mizani atakuja kukulimia?"

Nikaketi, nikachukua kisu nimenye naye.

"Kitenge ni chako, umepewa. Lile jina lilikuwa la Butoyi. Nani alikupa ruhusa ya kuliuza?"

"Nitamwomba radhi, mama."

"Kwa upepo? Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Utakwenda kuinama Nyabibuye."

Nilidhani atasahau. Hakusahau. Mvua za kwanza ziliponyesha akanifungia mbegu ya maharage kwenye kikapu, akanipa jembe, akanitoa mlangoni. Huko njiani, juu ya magunia ya watu, nilikuwa nikipanga maneno ya kusema. Nikapanga mazuri, yamenyooka.

Nilimkuta shambani na wanawake wenzake, wanapanda. Maneno yangu yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja kulima."

Akanitazama. "Wewe ni yule wa Mizani?"

"Mimi ndiye."

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akauliza kama Mizani kishazaa wa pili. Butoyi akasema, "Haya, ingia mstari. Jembe halichagui."

Nikalima. Tulipofika katikati ya shamba nikainua sauti, ilikuwa inatetemeka kama ya mbuzi: "Butoyi wa Nyabibuye!" Wakatazamana, hawakujua kiitikio. Nikawaambia, itikieni "Kazaa". Nikaita tena, na safari hii waliitikia wote, ikasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Butoyi akasimama, akaegemea mpini wa jembe. "Kwani siku ile mwanangu alifunga mangapi?"

"Mawili, mama."

"Basi bado moja."

Nikaita la pili, mwanangu. Nikalala kwake siku tatu, nikala ugali wake wa muhogo, na maharage yalipokomaa alinitumia debe.

Kwa nini nakuchosha na habari za zamani? Kwa sababu ya mjukuu wangu Fides, anayesoma chuo. Ndiye anayeongoza wanafunzi kushangilia. Jumapili alikuja na habari kwamba kampuni ya soda inawapa fulana na nauli, ili wakae upande unaopigwa picha, waimbe jina la soda dakika zote tisini. "Bibi, nichukue?"

Sikumwambia aache. Mkono mtupu haulambwi. Siku hizi uwanja una nyasi nzuri kuliko malisho yangu, wasichana wanacheza na wanaangaliwa, na mtoto wa maskini analipiwa ada kwa ajili ya miguu yake. Napenda sana. Mimi mwenyewe muhogo wangu nauza, sigawi. Nilimwambia hivi: fulana vaa, uchi si sifa. Ila jina la soda waliimbe wakati wa mapumziko, watu wakiwa na kiu. Mpira ukichezwa, waimbwe waliozaa. Akaenda kuwaambia. Bwana wa kampuni alicheka, akakubali. Kumbe hata yeye ana mama.

Basi sikiliza na wewe, mwanangu, hata kama si mjukuu wangu. Biashara ikiingia kwenye timu yako, usilie kama umefiwa. Lipa kiingilio ukiwa nacho, nunua jezi ukiwa umekwisha kununua mbegu. Mdhamini na anunue kombe, na ubao wa matangazo, na ng'ombe. Koo lako asinunue. Wakikuletea mamluki, mtu anayeitwa mwanachuo na daftari hana, mpigie makofi kwa mpira mzuri, lakini usigombane na jirani yako kwa ajili yake, maana msimu ujao yuko kwa wengine. Usibeti fedha ya shule ya mdogo wako halafu ukaiita mapenzi ya timu. Na siku ukiingia bure, geuka uangalie nani kabaki nje. Kama unaweza kumwingiza, mwingize. Kama huwezi, imba kwa nguvu asikie. Ukikosea, kwenda kuinama hakuvunji mgongo. Mimi niliinama, na mgongo wangu bado unabeba kuni.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha uwanjani na mikono isiyosahau shamba. Akupe timu ya kushinda mara nyingi, na siku ikifungwa tano bila, akupe mtu wa kucheka naye njia nzima ya kurudi nyumbani.