Kiti cha Mbele

Madereva wa pale uwanja wa ndege walimwita Dhamana, na jina likamganda mpaka mumewe naye akalizoea. Kazi yake ilikuwa kukaa. Hakuuza kitu, hakubeba mzigo wa mtu, usukani hakuugusa. Alikaa kiti cha mbele cha teksi ya mumewe, kikapu mapajani, akishonea vifungo sare za shule alizopewa na fundi wa jirani.

Ilianza kwa bahati tu. Mumewe alikuwa mpole, ila Mungu alimpa sura ya mgomvi: nyusi zimekutana, kovu shavuni, sauti kama anakufokea hata anapokuamkia. Abiria walimtazama mara moja, wakamtazama tena, wakaenda gari la pili. Siku moja mkewe alimpelekea dawa ya kifua, mvua ikamkuta, akaingia garini kujikinga. Hapohapo mgeni mmoja, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, aliyapita magari yote yaliyotangulia akafungua mlango wao wa nyuma. "Maadamu kuna mwanamke humo," alisema, na kabla gari halijaondoka kichwa chake kilikuwa kimeshaangukia begi.

Tangu hapo Dhamana akawa haachwi nyumbani. Alikuja kuelewa kwamba mtu aliyechoka, tena ugenini, hasomi vibandiko vya kioo wala hakagui matairi. Anatafuta kitu kimoja tu cha kumruhusu afumbe macho. Basi akajifunza kuwa kitu hicho. Alivua viatu, akaweka mkebe wa sindano juu ya dashibodi, akapiga miayo kama mtu aliye kwake. Wageni walimuuliza swali lilelile: "Na wewe mama unaenda?" Naye alijibu, "Naenda." Alikuwa akienda kweli, mpaka mlangoni kwa mtu, na hawakuondoka kabla hawajaona taa ya ndani imewashwa.

"Haya, bima imefika!" madereva walimtania kila asubuhi. "Dhamana, niazime hata wewe nusu saa, mwenzio nimekauka hapa kama sanamu."

"Kaoe," alijibu bila kuinua macho kwenye kifungo.

"Nani atamchukua huyu?" mwingine alidakia. "Hata gari lake linamkataa asubuhi!"

Vicheko hivyo vilikwisha kifua cha mumewe kilipomlaza. Gari likapewa mdogo wake, kijana mtanashati, mwingi wa tabasamu. Wanawake hawakuingia kwake pia, maana alikuwa anatabasamu mno. Akamfuata Dhamana jikoni.

"Shemeji, kiti chako bado kina joto. Twende tukamtafutie kaka dawa."

Akaenda. Na dawa ikanunuliwa kweli, hilo hakuna anayelikana.

Baada ya muda Shemeji alianza kusimama njia panda, pale barabara ya nyumbani inapoachana na ya mjini. "Shuka hapa bwana, mgonjwa yuko peke yake. Huyu nitammalizia mimi." Dhamana aliiona ni huruma ya ndugu kwa ndugu. Alishuka na kikapu chake, akampungia mkono abiria aliyelala, asiye na habari. Tena alimsifu Shemeji kwa adabu yake, maana siku hizo alikuwa akishuka mwenyewe kuwafungulia wageni milango ya nyuma, kama mhudumu wa hoteli.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa mawingu. Shemeji alikuwa mlango wa wanaowasili akitafuta abiria, Dhamana garini. Uzi ukamponyoka, ukaviringika chini ya kiti. Akapapasa. Kilichokuja mkononi kilikuwa miwani, mkono mmoja umevunjika, vioo vinene kama kitako cha chupa.

Aliijua. Ilikuwa ya msichana waliyempakia wiki iliyopita. Dhamana alikuwa amemfutia kwa ncha ya mtandio wake, na msichana akacheka: "Nikiivua hii mama, hata wewe nakuona kivuli." Mtu wa hivyo hasahau miwani garini. Atashukaje? Atauonaje mlango?

Akageuka kutazama nyuma. Vitasa vya ndani, vyote viwili, vilikuwa vimeng'olewa. Yamebaki matundu.

Alikaa na miwani ile mkononi. Angeweza kushuka, akajiondokea. Lakini chupa ya dawa kule nyumbani ilikuwa imebaki na kitu cha kulamba, na akishuka yeye, wa kukaa hapo hakosekani. Kabla hajajua la kufanya, Shemeji alishafika, akivuta begi lenye gurudumu bovu. Nyuma yake mwanamke wa makamo, mto wa safarini ungali shingoni, anatembea kama miguu si yake.

Mgeni akainama dirishani. "Na wewe mama unaenda?"

Dhamana alitaka vyote viwili: mgeni afike salama, na dawa ipatikane. Akasema, "Naenda. Mpaka mlangoni kwako."

Mgeni akashusha pumzi. Hawajatoka hata getini, amelala.

Njia panda Shemeji akaegesha. Mvua ilikuwa imeanza. "Haya shemeji, kwako hapo."

"Leo sishuki."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa yupo. Endesha."

"Usinitafutie ubaya mbele ya mgeni."

"Mgeni amelala. Ukitaka nimwamshe, tuongee watatu."

Shemeji akatazama kikapu. Miwani ilikuwa juu ya sare, haijafichwa. Lile tabasamu likamtoka usoni kama karatasi iliyobandikwa kwa mate. Akazima gari. Akamshika Dhamana kiwiko, akaminya, akanena kwa sauti ya chini: "Shuka, mwanamke. Mume wako anakula kwa mkono huu."

Dhamana akapaza sauti: "Mgeni wangu! Amka, usilale sasa. Hebu nieleze, umekuja kwa nani?"

Mgeni akagutuka. Alikuja kumuuguza dada yake, akasema, na ulimi ulimlemea kwa usingizi. Kila alipotaka kunyamaza Dhamana alimchokonoa: dada mkubwa au mdogo? Anaumwa nini? Ana watoto? Shemeji akawasha gari. Walikwenda hivyo mpaka kwenye nyumba yenye geti la bluu, mgeni akisimulia, Dhamana akiitikia, huku kiwiko kinampwita.

Shemeji alishuka akafungua mlango kwa adabu zake zote. Mgeni akamlipa. "Asante dereva, umeniendesha vizuri. Nipe namba yako, nitakuita siku ya kurudi."

Hapo ndipo Dhamana, aliyekuwa ameshuka na kikapu chake, aliposhindwa kujizuia. "Usimpigie," alisema. "Milango ya nyuma haifunguki kwa ndani. Kuna msichana alipanda humu wiki iliyopita, miwani yake hii hapa. Sijui yuko wapi."

Mgeni aliitazama miwani, akamtazama Shemeji, halafu akamtazama Dhamana muda mrefu zaidi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimejua leo."

"Kabla sijapanda, au baadaye?"

Dhamana akairudisha miwani kikapuni.

"Mimi nilipanda kwa sababu yako, mama," mgeni alisema. Akaburuta begi lake, geti likafungwa kwa komeo.

Shemeji alikuwa ameshaondoa gari. Dhamana alirudi kwa miguu kwenye mvua, akafika nyumbani giza linaingia. Mumewe alikuwa ameegemezwa ukutani kwa mito. Akamweleza yote, akamwekea miwani juu ya shuka. Mgonjwa hakuigusa. Alikohoa, akageuza uso.

"Ungeshuka tu," alisema.

"Nini?"

"Pale njia panda. Ungeshuka tu kama siku zote. Sasa nani atanunua dawa?"

Dhamana alisubiri mumewe aulize habari za yule msichana. Hakuuliza. Na kwa kutouliza kwake, akajua kwamba hiyo haikuwa habari mpya kwa mumewe.

Asubuhi alimsogezea maji, uji na chupa ya dawa pale mkono wake unapofika. Akatia miwani kikapuni, akaenda kituo cha polisi.

Askari wa zamu aliigeuza miwani huku na huku. "Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Ndicho kilichonileta."

"Gari la nani?"

"La mume wangu. Mwendeshaji ni shemeji yangu."

"Na wewe unaingiaje hapo?"

Akaeleza. Alianza mbali, tangu siku ile ya mvua ya kwanza, hakuruka kitu: viatu alivyovua, miayo, "Naenda" zake zote, njia panda. Askari alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Akamwita mwenzake, wakanong'ona. Aliporudi hakumwita mama tena.

"Toa vilivyomo kikapuni, weka hapa mezani. Na huo mtandio uvue, mahabusu hauingii nao."

Dhamana akatoa sare moja moja, akazikunja vizuri ili fundi asije akalalamika. Saa ya dawa ya mchana ilikuwa inakaribia. Aliomba mtu atumwe nyumbani kumnywesha mgonjwa, na askari akamjibu kwamba huko nyumbani watu walikuwa wameshatumwa, kumfuata mwenye gari.