Kreti ya Shangazi

Mimi nina ugonjwa wa kupanga vitu. Nasema mapema ili usije ukadhani nilikuwa na nia mbaya. Vijiko vyangu vinalala upande mmoja, nyuzi zangu za cherehani zimepangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na mume wangu husema siku nikifa nitaamka kwanza niwapange waombolezaji kwa urefu. Anatania, ila hajakosea sana. Ugonjwa huo ndio uliommaliza shangazi yangu, ingawa cheti chake cha kifo kinataja mapafu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mfagiaji wa maabara ya shule. Siku moja, akiwa bado msichana, alimwaga mafuta kidogo kwa bahati mbaya ndani ya ndoo ya maji ya kudekia. Jua likapiga dirishani, akaona rangi zinatembea juu ya uchafu. Mwingine angemwaga yale maji akaendelea na kazi. Yeye aliketi sakafuni akaangalia mpaka mwalimu akaja kumfokea. Miaka ilipopita na shule ikatupa projekta yake kuukuu, ile inayokaa kama kimeza, taa chini ya kioo na shingo juu ya kurushia picha ukutani, aliibeba kichwani hadi nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya kioo cha projekta aliweka bakuli bapa la kioo, akamimina mafuta yasiyo na rangi, akadondosha maji yenye rangi, kisha akafunika kwa bakuli la pili lililoingia ndani ya la kwanza. Mafuta na maji hayapatani, na yeye alikula mkate wake kwenye ugomvi huo. Akiminya bakuli la juu kwa vidole, matone yanapasuka, yanakimbizana, yanamezana, na ukutani yanaonekana makubwa kuliko watu. Alifanya hivyo nyuma ya bendi, katika ukumbi wenye mapazia meusi niliyoyashona mimi, kila Jumapili alasiri kwa miaka ishirini na sita. Besi ikidunda, vidole vyake vinadunda. Kilichopita ukutani hakikurudi tena. Wimbo uleule Jumapili inayofuata ulikuwa na ukuta mwingine. Majirani walimwita Mama Mafuta, na wapo waliobisha hodi na chupa zao wakitaka nusu lita ya kupikia.

Rangi zake zilikaa katika chupa ishirini na nne, ndani ya kreti ya soda, kila chupa na tundu lake. Chupa ikikaribia kuisha alinituma dukani kwa pakiti ya rangi ile moja tu, akaichanganya mwenyewe chumbani, mlango umefungwa. "Mkono wako usiguse kreti yangu," aliniambia tangu niko mdogo. Hakuwa na amri nyingine. Niliruhusiwa kuosha mabakuli, kufuta kioo, na alipozeeka, kubeba projekta. Kreti aliibeba mwenyewe, ameikumbatia tumboni.

Basi ukumbi ukapata meneja mpya, mtu nadhifu wa maneno machache, akataka kuweka skrini kubwa nyuma ya bendi. Mpiga besi, ambaye alikuwa rafiki wa shangazi tangu ujana wao, alimbembeleza sana. Meneja akakubali jambo moja: Jumapili ijayo atasimama aangalie. Watu wakivutiwa, Mama Mafuta anabaki. Wasipovutiwa, ashukuriwe akapumzike. Shangazi hakuwa na mume wala hakujaliwa mtoto; alikuwa na mimi na ule ukuta, na nadhani ukuta ulikuwa mbele.

"Wakiniondoa pale," aliniambia, "wewe nitafutie sanda tu." Alisema akicheka.

Jumamosi asubuhi alikwenda kliniki kwa ajili ya presha, au ndivyo alivyosema. Nikabaki na kreti. Jamani, ilikuwa aibu! Mafuta yameganda na vumbi, mende amekufa pembeni. Nikajiambia, kesho meneja ataona uchafu huu. Nikatoa chupa zote, nikasugua kreti kwa maji ya moto na sabuni, nikafuta chupa moja moja hadi zikang'aa. Kisha nikazirudisha. Zilikuwa zimekaa ovyo, nyekundu huku, buluu kule, kijani imebanwa katikati ya manjano mbili. Nikazipanga kama nyuzi zangu: safu ya kwanza nyekundu, ya pili manjano, ya tatu kijani, ya nne buluu. Nilirudi nyuma hatua mbili nikajipongeza.

Aliporudi nilisubiri aone. Alipita mbele ya kreti, akaketi, akaomba chai. Nikadhani hataki kunisifu, maana hakuwa mtu wa sifa. Kesho yake, alipoikumbatia tutoke, aliipapasa ubavuni akasimama.

"Umeifuta?"

"Kwa nje tu, shangazi."

"Kwa nje sawa."

Ukumbi ulijaa. Meneja alisimama karibu yetu, mikono kifuani. Mapazia yakafungwa, bendi ikaanza, na shangazi akanyoosha mkono wa kushoto kwenye kreti bila kugeuza kichwa. Vidole vyake viligusa tundu la kwanza, akatoa chupa, akadondosha. Wimbo wa kwanza ulifunguliwa kwa manjano sikuzote, kila mtu pale alijua. Ukutani ikaja nyekundu nzito. Vidole vikarudi, vikashuka safu moja, ya pili, ya tatu, vikahesabu matundu matatu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuona kwamba anahesabu. Akadondosha kijani juu ya nyekundu, na ukuta ukawa rangi ya maji ya kudekia.

Nilimtazama usoni. Alikuwa ameinua uso kuelekea ukutani, anatabasamu, anaminya bakuli kwa mahadhi, na macho yake hayakuwa yakiona chochote. Shangazi yangu alikuwa kipofu. Nikakumbuka kidole anachokitia kikombeni wakati wa kumimina chai, na jinsi alivyosalimia watu kwa kusikia nyayo zao, na mimi nikisema uzee, uzee.

Ningeweza kumnong'oneza. Lakini meneja angesikia, na siri yake ingekuwa ya ukumbi mzima. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikapeleka mkono nimpe chupa ya manjano, akaupiga kofi. "Usiguse."

Mtu akapiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti kama umeme umekatika, watu wakaangua kicheko. Kufikia wimbo wa tatu ukuta ulikuwa mweusi. Mpiga besi aligeuka kuangalia, akakosa mapigo mawili, na huyo hakuwahi kukosa hata moja. Shangazi alisikia. Vidole vyake vikasimama juu ya kioo.

"Asante sana, mama," meneja alisema kwa adabu. "Umetufanyia kazi kubwa." Akawasha taa za ukumbi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta kitandani, kreti iko magotini.

"Niambie ukweli, mwanangu. Jana ilikuwaje?"

"Ilikuwa matope, shangazi."

Akatikisa kichwa polepole. "Sioni. Huu mwaka wa nne. Ile taa imenila macho, daktari alinikataza kuiangalia, sasa ningefanyaje kazi bila kuiangalia? Lakini kreti naijua. Naijua kuliko jina langu." Akaipapasa ubavuni. "Kuna mtu aliigusa?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, mimi. Angelia, angenitukana, pengine angenifukuza, halafu angejua kwamba kichwa chake ni kizima. Ningemsomea rangi, akazipanga upya, tukaenda kumpigia meneja magoti pamoja na mpiga besi. Nikaogopa. Sina sababu nyingine, niliogopa anichukie.

"Nani aiguse, shangazi?"

Akaweka kidole kwenye tundu la kwanza. "Hii ni manjano."

"Nyekundu, shangazi."

Kidole kikashuka kikahesabu. "Safu ya tatu, ya tatu. Nyekundu ya damu."

"Kijani."

Alijaribu tano. Zote alizitaja kama zilivyokuwa kabla sijaziosha, bila kukosea hata moja, na kila mara nilimtajia nilichokiona mbele yangu. Hapo sikusema uongo. Mwishowe akaurudisha mkono, akaufuta kwenye gauni kana kwamba una uchafu.

"Kumbe si macho tu," alisema. "Na akili imeondoka. Kamwage."

Nilizimwaga zote ishirini na nne kwenye mfereji wa uani. Kisha nikaosha chupa.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo, na hakuamini tena kitu alichokikumbuka mwenyewe. Aliniuliza kama amekula, na alikuwa amekula. Aliniuliza kama baba yangu alikufa kabla ya mama, akaitaja tarehe sawasawa, akangoja nimhakikishie. Wimbo wa bendi ukipita redioni, vidole vyake vilianza kuminya shuka, halafu akavikunja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyemvalisha nguo kila asubuhi.

Siku ya mwisho alinishika kiganja. Pumzi ilikuwa fupi, akasema kwa vipande.

"Wote walinificha, mwanangu. Mpiga besi alisema ilikuwa nzuri. Wewe peke yako uliniambia ukweli."

Nikaitikia ndiyo, shangazi. Nikamnyoosha shuka, nikakunja pembe zake vizuri, moja baada ya nyingine.