Kambale Katika Kabati la Kioo

Mwanangu, masika yakipita na madimbwi kuanza kukauka, nakumbuka siku niliyoleta kambale nyumbani kwetu Dutumi. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri kazi ya ualimu, na kichwani nilijaa picha za vitabuni: samaki wakiogelea sebuleni, ndani ya kioo. Nami nikataka wangu.

Mwenye duka alinipa kabati bovu la kioo alilokuwa akipangia mikate. Nikaziba pembe kwa lami, nikalijaza maji. Kambale nilimtoa kwenye dimbwi lililoachwa na Mto Ruvu. Alikuwa mdogo kama kidole, lakini ndevu alikuwa nazo tayari. Watu walikuja kumtazama, nami nikavimba kichwa. Nilimlisha kumbikumbi na matumbo ya kuku.

Mama alicheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako jembe hashiki, mdomo tu anao."

Mwaka haukuisha, kambale akawa mrefu kama mkono wangu. Alilala amejikunja, mkia umegusa kioo huku, pua imegusa kule. Ndipo mjomba wangu alipotutembelea kutoka Kurui.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kitoweo hiki kimefungwa kwa kosa gani?"

"Si kitoweo, mjomba. Nampenda."

"Unampenda! Akitaka kutazama nyuma, anapitia wapi?"

Nikamtazama kambale, nikaona kweli hana pa kugeukia. Lakini ujana una kiburi. Badala ya kumrudisha mtoni, nikamhamishia kwenye birika la mama, lile la saruji lililokinga maji ya mvua. Humo mama alifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama alivyofanya mama yake. Nilijua hilo, mwanangu. Nilijua, nikajifanya nimesahau.

Kambale alivimaliza vyote. Mbu wakatujaa. Asubuhi moja mama alichota maji kwa kata, akanionyesha viluwiluwi vinavyochezacheza.

"Walinzi wangu wako wapi?"

Akayamwaga yale maji, akaingia ndani. Afadhali angenichapa.

Siku hiyohiyo nilimtia kambale kwenye debe, nikamfunika gunia bichi, nikaenda na mjomba, aliyekuwa bado hajarudi kwao, hadi Ruvu. Nilipomwachia pale kwenye kina kifupi alilala tu, mwili umepinda kama bado yumo kabatini. Nikadhani nimemuua. Mjomba akanishika bega: "Mpe muda. Hajajua kama kuta hazipo."

Kisha mkia ukacheza. Akageuka mzima mzima, akanielekea, halafu akazama.

Tulirudi na visamaki vipya kwenye debe lilelile. Mama alivichungulia kwa makini. "Na hivi, vikikua vinafika wapi? Safari hii umeuliza?"

"Nimeuliza, mama. Haviwi vikubwa kuliko hivi."

Basi, mwanangu, ukitamani kuleta kitu nyumbani, awe mnyama, iwe kazi, awe mchumba, usikitazame udogo wake tu. Uliza kitakuwa nini kikikomaa, kitakula nini, na nani atalipia ulaji wake. Na ukigundua umekosea, rudisha mapema. Mto haumfungii mlango anayerudi.

Mungu akupe nyumba yenye nafasi, na kila unachokipenda kiweze kugeuka humo bila kugusa ukuta. Amina.